Mita ilisoma vizuri, redio haikusikika: kisa cha antena ya Land Cruiser moja ya Malindi

Usuli

Kisa hiki ni cha gari moja la kampuni ndogo ya utalii mjini Malindi. Nimeondoa jina la kampuni, la mwenyewe na la madereva wake, na nimebadilisha mambo mawili matatu yasiyogusa ufundi. Vipimo nimeviacha kama nilivyoviandika kwenye daftari langu. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na redio za mawasiliano ni kazi ninayoifanya kando. Msomaji asitarajie hadithi ya fundi aliyekuja akaokoa jahazi. Kosa kubwa katika kisa hiki ni langu.

Kampuni ilikuwa na magari mawili. Wageni hulala Malindi au Watamu, na alfajiri huchukuliwa kwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, kwa njia inayopita Kakoneni na Lango Baya ikiufuata mto ambao huku chini tunauita Sabaki na kule juu unaitwa Galana. Siku nyingine huenda Marafa kutazama yale makorongo mekundu ya Nyari. Njiani kuna vipande virefu ambavyo simu haishiki kabisa, na kwa sababu ya vumbi magari hayawezi kufuatana kwa karibu. La nyuma husubiri la mbele litangulie kilomita kadhaa ndipo nalo liondoke. Madereva wakitaka kuambiana kwamba daraja limezama au ndovu wako barabarani, chombo chao ni redio.

Redio zenyewe zilikuwa za kawaida, za wati 25, na kampuni ilikuwa na leseni ya masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, karibu megahezi 160. Ofisini mjini kulikuwa na mlingoti wa mita 16 wenye antena juu yake. Hapo hapakuwa na tatizo.

Gari la pili halikuwa na tatizo pia. Lilinunuliwa kwa mtu likiwa tayari na tundu juu ya paa na antena imekaa humo, na siku zote lilisikika vizuri. Shida ilikuwa gari la kwanza. Hili ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyoanza maisha kama pikapu. Gereji iliondoa kitanda cha nyuma ikajenga chumba cha abiria chenye paa la faiba linaloinuka, ili wageni wasimame na kupiga picha. Kebini ya dereva ikabaki ya chuma kama ilivyotoka kiwandani. Hilo la kebini ya chuma liwekwe akilini. Mimi sikuliweka.

Antena ya kwanza: juu ya keria

Fundi aliyenitangulia alifikiri kama wengi wanavyofikiri, kwamba antena ikikaa juu zaidi na ikiwa ndefu zaidi itasikika zaidi. Alinunua fimbo ya zaidi ya mita moja, akaifunga kwa kibano kwenye keria ya alumini iliyokuwa juu ya paa la faiba. Ukiitazama kwa mbali ilipendeza. Gari lilionekana kama la jeshi.

Kasoro haikuonekana kwa macho. Fimbo ya antena ni nusu tu ya antena, na nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake. Mawimbi hayatoki kwenye fimbo peke yake. Umeme unaopanda kwenye fimbo unahitaji mwenzake wa kukimbia kwenye bati, kama mtu anayeruka anavyohitaji ardhi ya kujisukumia. Keria ile ilikuwa imepakwa rangi, imekaa juu ya faiba, haigusani na bodi mahali popote. Fimbo ilikuwa inaruka kutoka hewani. Hali ikiwa hivyo, ganda la nje la kebo ndilo hugeuka nusu ya pili, na kebo huanza kutoa mawimbi ndani ya gari badala ya kuyapeleka juu.

Madereva walilalamika kwamba redio ni dhaifu. Hakuna aliyefuatilia, kwa kuwa dhaifu si sawa na kufa.

Jioni ya mchangani

Siku moja wakati wa kurudi, gari la kwanza lilikuwa nyuma. Dereva aliingia kwenye mkondo mkavu, gurudumu la nyuma likazama mchangani hadi kwenye ekseli. Akaita redioni. Gari la pili lilikuwa mbele kama kilomita saba na halikusikia kitu. Akaita tena na tena. Joto lilikuwa kali, kwa hiyo akainua paa ili wageni wapate hewa, na kuanzia hapo redio haikutoa hata mkwaruzo.

Waliokolewa na kijana wa bodaboda aliyepita njia na kupeleka habari mbele. Kutoka kuzama hadi kuvutwa zilipita saa tatu. Maji yalikuwepo, hakuna aliyeumia, lakini wageni walifika mjini usiku na mwenye kampuni akalazimika kuwarudishia sehemu ya pesa. Kesho yake alinipigia simu.

Nilichokikuta

Nilikuta mambo manne. La kwanza ni hilo la keria kutogusana na bodi. Mita yangu ya SWR ilisoma 3.4. Kwa asiyeijua, mita hiyo huonyesha kiasi gani cha nguvu kinafika kwenye antena na kurudi badala ya kutoka: 1.0 ina maana hakirudi kitu, 2.0 ina maana karibu asilimia 11 inarudi, na 3.0 ni robo nzima. Redio nyingi za siku hizi zikiona nguvu inarudi hujipunguza zenyewe ili zisiungue. Hii ilikuwa inatoa wati 9 badala ya 25.

La pili, kebo ilikuwa ndefu kupita haja, na fundi aliuzungusha mzingo wa mita tano akauficha nyuma ya kiti. Kwa kebo nyembamba ya RG-58 kwenye masafa haya, mita tano hula karibu desibeli moja, yaani kama sehemu moja ya tano ya nguvu, bila faida yoyote.

La tatu, redio ilikuwa inakula umeme kutoka soketi ya kuwashia sigara. Kila dereva akibonyeza maiki, volti zilishuka, na mvumo wa alteneta ulisikika kwa anayesikiliza.

La nne ndilo lililoeleza kimya cha jioni ile. Ndani ya plagi ya antena, ule wavu wa shaba wa kebo haukulehemiwa. Ulikuwa umesokotwa tu na kubanwa. Kebo ilipita kwenye ukingo wa paa linaloinuka bila kuachiwa ulegevu, na dereva alipoinua paa, kebo ilivutika na wavu ukachomoka. Kitendo chake cha huruma kwa wageni ndicho kilichoikata redio.

Mazungumzo na mwenye gari

Kabla sijagusa kitu tuliongea, na ninaona mazungumzo hayo ni sehemu ya kazi kama spana ilivyo.

"Fundi," alisema, "mimi nataka nikiwa Sala niseme na ofisi."

"Mzee, kwa redio hii haifiki."

"Haifiki vipi?" Akanyoosha mkono upande wa kaskazini. "Wale Waitaliano wa Ngomeni walirusha setilaiti na wakaongea nayo huko juu, wewe unaniambia Sala haifiki?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Ni kweli, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Lakini setilaiti ikiwa juu ya upeo inaonekana; hakuna kitu katikati. Sala iko zaidi ya kilomita 100 na katikati kuna mgongo wa dunia. Masafa ya megahezi 160 husafiri karibu kama macho yanavyoona, na kuna hesabu rahisi ya kukadiria: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, upate kilomita. Fanya hivyo kwa kila upande kisha ujumlishe. Mlingoti wa mita 16 hutoa kilomita 16 na nusu. Antena ya gari yenye kimo cha mita mbili hutoa karibu sita. Jumla ni kama kilomita 22 kati ya gari na ofisi, na kama 11 au 12 kati ya gari na gari, nchi ikiwa tambarare. Ukipanda mgongo wa kilima unapata zaidi, ukishuka bondeni unapata pungufu.

Nikamweleza kwamba kwa kusema na ofisi kutoka Sala angehitaji kituo cha kurudishia mawimbi mahali pa juu, au redio ya HF, ile ya masafa ya chini inayofika mbali, au simu ya setilaiti. HF nayo ina mambo yake: kwenye megahezi 7 robo ya wimbi ni zaidi ya mita 10, ndiyo maana antena zake za magarini hutiwa koili nene chini, na bado nguvu nyingi hupotelea humo. Akafikiri. Tukakubaliana kwamba kazi ni moja: magari mawili yasikilizane kwa kilomita kumi.

Halafu akaweka sharti. "Lakini gari langu halitobolewi. Nikija kuliuza, nani atanunua gari lenye tundu kichwani?"

Nikasema sawa, mzee. Nilisema upesi mno.

Uamuzi wangu wa kwanza: bulbaa

Bila kutoboa nilikuwa na njia tatu. Ningeweza kununua antena ya nusu wimbi, ambayo haitegemei sana bati la chini, lakini sikuipata Malindi wala Mombasa kwa wiki ile. Ningeweza kuweka kipande cha bati chini ya faiba, lakini paa lile linainuka na kushuka, na kebo ingerudi kwenye ugonjwa ule ule. Nikachagua bulbaa ya mbele: chuma kizito kilichofungwa kwenye chesisi, njia fupi ya kebo kupitia boneti, na hakuna tundu.

Nilikwangua rangi chini ya kibano hadi chuma kikang'aa. Nikakata fimbo ya robo wimbi. Hesabu yake ni 75 gawanya kwa megahezi, jibu ni mita. Kwa 160 unapata sentimita 47, na fimbo halisi hutoka pungufu kidogo. Anza na ndefu, upunguze kwa milimita. Pima kwenye chaneli ya chini na ya juu: kama kipimo ni kizuri zaidi chini, fimbo bado ndefu, kama ni kizuri zaidi juu, umeshaikata kupita, nenda kanunue nyingine. Yangu ilitulia kwenye sentimita 45. Redio nikaipeleka moja kwa moja kwenye betri, waya mnene, fyuzi karibu na betri. Mvumo wa alteneta ukaisha.

Mita ilisoma 1.4. Nikaita ofisi, ofisi ikaitika, nikalipwa.

Siku ya kwanza njiani dereva aliniambia kwamba gari la mbele linamsikia hadi kilomita nane, lakini akitangulia yeye, la nyuma linamsikia kwa nne tu. Nilijua sababu. Fimbo ilikuwa chini ya kimo cha boneti, na nyuma yake imesimama kebini nzima na chumba cha abiria kama ukuta. Nikasema afadhali, maana kwa kawaida gari hilo hukaa nyuma. Kama ningeitwa kuhukumu kazi ya fundi mwingine, jibu hilo lisingenitosha.

Wiki kumi baadaye

Hayo yalikuwa mwanzo wa masika. Mvua zikapiga, kusi likaingia, na gari lililala kila usiku kwenye uwanja usio mbali na bahari. Baada ya wiki kumi dereva akaja. "Fundi, redio imerudi kule kule."

Nilifunga mita. Ikasoma 1.1. Nikapumua. Kipimo kilikuwa kizuri kuliko siku niliyoifunga! Nikamwambia dereva kwamba antena haina neno, labda anashika maiki mbali na mdomo, labda ni redio ya mwenzake. Alisema "Sawa, fundi," akaondoka.

Wiki iliyofuata alirudi na karatasi. Alikuwa ameandika, safari kwa safari, kilomita ya mwisho ambayo mwenzake alimsikia wazi, kwa kusoma mita ya gari. Safari za mwanzo: nane, nane, saba. Halafu sita. Halafu tano. Safari ya mwisho: tatu. Hakusema kitu, alinipa tu karatasi. Yule mtu hakuwa na kifaa chochote zaidi ya kalamu, na vipimo vyake vilikuwa sahihi kuliko vyangu.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya wiki iliyotangulia. Nilikwenda mbele ya gari, nikaichomoa antena kabisa kutoka mwisho wa kebo, nikarudi ndani na kupima. Bila antena yoyote, mita inapaswa kupiga ukingo wa kioo. Ilisoma 1.7.

Maana yake ni kwamba nguvu ilikuwa haifiki mbele wala hairudi. Ilikuwa inafia ndani ya kebo. Nikaweka mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu mahali pa antena bila kuirusha, na mita ya wati mwisho wa kebo: wati 25 ziliingia, 6 zikatoka. Nilipoipasua kebo karibu na kibano, wavu wa shaba ulikuwa mweusi kama makaa. Maji ya mvua na chumvi yalikuwa yameingia kwenye maungio, yakapanda ndani ya kebo kama mafuta yanavyopanda utambi.

Kebo iliyooza humeza nguvu inayokwenda, na kile kidogo kinachorudi kutoka kwenye antena nacho humezwa njiani. Mita iliyokaa upande wa redio haioni kitu kikirudi, inafurahi. Ule mzigo bandia nao hupimwa 1.0 safi, na hausikiki hata ng'ambo ya barabara. Halafu kuna jambo jingine nililolijua kitabuni na sikulitumia: fimbo ya robo wimbi iliyokaa vizuri juu ya bati pana ina karibu omu 36, wakati kebo ni ya omu 50, kwa hiyo kipimo chake cha kawaida ni kama 1.4. Ikishuka hadi 1.1 bila wewe kugusa kitu, usishangilie.

Nilimtafuta dereva nikamwomba radhi kwa ile habari ya maiki.

Jaribio la sumaku

Kwa mara ya tatu sikutaka kubahatisha. Niliazima antena ya kitako cha sumaku kutoka kwa rafiki, nikaibandika katikati ya paa la kebini, kile kipande cha chuma ambacho kilikuwepo siku zote. Paa hilo lina nafasi ya karibu nusu mita kila upande wa fimbo, na robo wimbi yetu ni sentimita 47. Kana kwamba lilipimwa kwa kazi hiyo.

Nilimwomba mwenye gari aje mwenyewe. Tulitoka alasiri, gari la pili likasimama baada ya Kakoneni, sisi tukaendelea, tukiita kila kilomita. Kilomita nane, wazi. Kumi, wazi. Kumi na moja, wazi. Kumi na tatu kukaanza mikwaruzo lakini maneno yalieleweka. Tukageuza gari, tukaita tena tukiwa tumeelekeza pua upande mwingine. Hakuna tofauti.

Mzee alikuwa ameiona mita. "Lakini hii inasema 1.4, na ile uliyoitoa ilisema 1.1. Hii si mbaya zaidi?" Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa juu. Akacheka, akasema basi hiyo mita yako ni kama mtoto anayekaa kimya chumbani, ukimsikia kimya ujue kuna jambo.

Aliuliza kwa nini tusiiache sumaku pale pale. Kuna sababu tatu na zote ni za mazingira yetu. Matawi ya miiba huing'oa. Mchanga mwembamba huingia chini ya sumaku, gari likitikisika unasaga rangi, na rangi ikitoka mahali penye hewa ya chumvi kutu haichelewi. Na kebo yake hupita kwenye mpira wa mlango, inabanwa kila mlango unapofungwa.

Kuhusu tundu, sikubishana naye. Nilimkumbusha tu kwamba gari lake la pili alilinunua likiwa na tundu juu, na hakuomba apunguziwe bei kwa ajili hiyo. Alinyamaza muda. "Toboa," akasema. "Lakini mimi sitaangalia."

Tundu

Kazi ilichukua asubuhi moja. Nilitoa waya hasi wa betri, nikateremsha kitambaa cha dari, nikakagua chini kabla ya kuchagua mahali, na ni vizuri nilifanya hivyo, kwa kuwa katikati kabisa palipita mbavu ya chuma na waya wa taa ya ndani. Nikasogea sentimita sita kando. Tundu la kitako cha NMO, aina ya kitako cha antena kinachokazwa kwenye tundu la bati, ni milimita 19. Nilibandika karatasi ya gundi juu ya rangi isichubuke, nikatoboa taratibu, nikapiga tupa ukingo. Chuma kilichobaki wazi nilikipaka rangi ya kuzuia kutu, isipokuwa upande wa ndani pale meno ya kitako yanapouma bati; hapo lazima chuma kiguse chuma. Nikapaka grisi ya silikoni kidogo na kukaza juu ya mpira wake.

Kebo mpya ilikuwa ya mita nne, ikashuka kwenye nguzo ya kioo cha mbele hadi chini ya dashibodi. Hakuna mzingo. Plagi niliilehemu, kiini na wavu, kisha nikaivika mpira unaonywea kwa moto. Kwa kuwa kebini ya gari hili imekalia mipira, niliongeza msuko wa shaba wa athi kutoka kebini hadi chesisi.

Fimbo ikawa ile ile ya sentimita 45. Nilimwachia dereva ya akiba, niliyoikata kutoka kijiti cha shaba cha kuchomelea, kwa sababu niliamini matawi yataivunja moja siku yoyote. Ilivunjika mwezi wa pili. Alibadilisha mwenyewe njiani.

Matokeo

Tangu hapo magari mawili yanasikilizana kilomita 11 kwa uhakika kwenye nchi tambarare, pande zote. Ofisi hulisikia gari hadi kilomita 20 na kitu. Nikichomoa antena mita inapiga ukingo, kama inavyopaswa. Dereva ameendelea na karatasi yake bila kuombwa, na sasa dereva wa pili naye anayo.

Uchambuzi

Kilichofaa kabla ya yote ni kukubaliana mapema kuhusu umbali. Bila hesabu ile ya kimo, mzee angeendelea kudai Sala, na mimi ningeendelea kumuuzia fimbo ndefu zaidi. Jaribio la sumaku nalo lilifaa mara mbili: lilinipa kipimo cha mahali kabla ya kuharibu bati, na lilimpa mwenye gari sababu aliyoisikia kwa masikio yake. Ningelifanya siku ya kwanza, gharama za bulbaa zisingekuwepo. Nilimrudishia za kebo. Kazi ya mikono tulisameheana.

Kilichoshindwa kwa fundi wa kwanza ni kutojua nusu ya pili ya antena. Hilo ni kosa la elimu, na silioni kuwa kubwa sana. Langu lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa nilijua. Nilikubali sharti la kutotoboa bila kumwonyesha mteja bei ya sharti hilo kwa kilomita. Niliweka maungio ya kebo mahali pa chini penye maji, katika mji wenye hewa ya chumvi, nikayafunika kwa utepe wa kawaida wa umeme. Na nilipoletewa malalamiko, niliiamini mita upande wa redio kuliko mtu aliyekuwa barabarani.

Bulbaa si mahali pabaya kwa kila gari. Kwa gari lenye mwili mzima wa turubai au faiba huenda ikawa ndiyo njia pekee, na zile fimbo nene za HF nyingi hukaa hapo. Ila ukiitumia, kubali kwamba nyuma utasikika kidogo, funga maungio kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, geuza mdomo wa kebo utazame chini, na kila miezi mitatu fanya lile jaribio la kuchomoa antena. Halichukui dakika tano. Na wakati wa kupima, asiwepo mtu ameshika fimbo. Wati 25 kwenye ncha ya antena huunguza kidole.

Jambo moja sijaliridhia bado. Kebo inapopinda kuingia nguzo ya kioo, inagusa ukingo mkali wa bati. Niliuvika kipande cha mpira wa baiskeli, na kwa mtikisiko wa njia ile sijui nitaukuta katika hali gani.

Masika yaliyofuata, mzee aliniita wiki ya kwanza ya mvua. Hakuwa na malalamiko. Alitaka niteremshe kitambaa cha dari mbele yake. Alipanda kwenye kiti cha dereva, akapitisha kidole chake kuzunguka tundu lote, akakitazama. Kilikuwa kikavu.